Tanuru Lisilochomwa

Shuleni kwetu wanajenga bweni jipya la wasichana, na kila Jumamosi kidato cha tatu tuna zamu ya kumwagilia ukuta. Fundi anasema saruji isiponyweshwa maji inabaki unga mtupu, unaikwangua kwa kucha. Basi tunajipanga mstari kutoka bombani, ndoo zinapita mkono kwa mkono, na wa mwisho ndiye anayemwaga. Jumamosi iliyopita wa mwisho nilikuwa mimi. Maji yalipogusa matofali yakalia kidogo, kama mtu anayevuta pumzi kwa meno, halafu harufu ikanipanda. Harufu ya udongo uliokuwa na kiu. Nikabaki nimeshika ndoo tupu.

"Wewe, umeganda nini hapo?" rafiki yangu akasema nyuma yangu. "Unataka ukuta ukupose?"

Wakacheka, na mimi nikacheka, maana mimi ni mtu wa kucheka wengine wakicheka. Lakini jioni ile nilimwachia rafiki yangu sahani yangu. Harufu ile naijua. Ilinikuta nikiwa mdogo, darasa la kwanza, mwaka ambao niliamini kwa moyo wangu wote kwamba mimi, Bibi yangu na Mjomba wangu tulikuwa tumekufa.

Wakati huo nilikaa kwa Bibi mzaa mama, katika kijiji kimoja cha ndani huko Uyui. Ukishuka kwenye treni Igalula unafuata njia ya ng'ombe, unapita miyombo na vichuguu vyekundu virefu kuliko mtu mzima, mpaka unapoanza kuona mashamba ya matuta. Mama alikuwa Tabora mjini, akiuza chakula karibu na stesheni. Alikuja sikukuu, akaondoka mimi nikiwa nimelala ili nisilie. Nyumbani tulikuwa watatu tu: Bibi, mimi, na Mjomba Shija, mdogo wake mama, ambaye alikuwa bado hajaoa na alikuwa akicheka kwa pua.

Bibi hakuwa Mnyamwezi. Alikuwa Mgogo, Babu alimleta kutoka huko mashariki kwa treni, na ingawa alikuwa amezeeka palepale na kumzika Babu palepale, watu hawakuacha kumtania. Mtani wake mkubwa alikuwa Mzee Mihayo, jirani yetu, ambaye pia alikuwa mkuu wa walinzi wa kijiji, wale wanaoshika wezi wa ng'ombe na kuamua kesi ndogondogo. Alikuwa akipita asubuhi kwenda shambani, anasimama nje ya ua wetu.

"Hodi kwa wenye njaa."

"Karibu, mpagazi," Bibi anajibu bila hata kuinua kichwa kwenye ungo. "Mzigo umeutua wapi leo?"

"Nimeutua kwenu Ugogo. Nimekuta hata maji ya kunywa hamna."

"Mliyanywa ninyi mlipokuwa mkipita na mizigo ya watu."

Wanacheka wote wawili, Bibi anampa kipande cha kiazi, anaondoka anatafuna. Mimi nilidhani ndivyo wazee wote wanavyosalimiana.

Mwaka uliotangulia, mvua ilikuwa imenyesha mpaka ikatutia hofu. Haikunyesha kama mvua ya kulima, ilimwagika. Usiku mmoja ukuta wa nyuma wa nyumba yetu, ukuta wa udongo na miti, ulikaa chini taratibu kama ng'ombe anayelala. Hakuna aliyeumia. Ila tangu siku ile Bibi alilala akiwa na pazia la nailoni mahali pa ukuta, upande wa kichwani pake, na upepo ukivuma nailoni inapiga kelele, na yeye anakohoa. Mjomba Shija akasema hawezi kumwona mama yake analala nje na huku yuko ndani. Akasema atajenga nyumba ya matofali ya kuchoma.

Kiangazi kizima alikuwa kichuguuni. Udongo wa kichuguu ndio mzuri, mchwa wameshausaga. Yeye anachimba, mimi namwaga maji kwa kidumu changu, tunakanyaga pamoja mpaka udongo unakuwa laini unateleza katikati ya vidole, kisha anaujaza kwenye kalibu la mbao na kulipindua chini, pwa, tofali limezaliwa. Yalianikwa mistari kwa mistari. Nilikatazwa kuyakanyaga, na mbuzi pia walikatazwa, lakini mbuzi hawakusikia.

Kama mambo yangekwenda sawa, tanuru lingechomwa kabla ya wingu la kwanza kuonekana. Ila Bibi kifua kikambana, Mjomba akashinda naye zahanati, wakarudi, wakaenda tena. Alipomaliza kupanga matofali kuwa tanuru, na midomo ya kuwekea kuni chini, mbingu ilikuwa imeshaanza kuvimba. Akalifunika kwa nyasi na nailoni. Juu kabisa, pale upepo ulipopenda kufunua, akaweka chungu cha zamani cha Bibi, chenye ufa, akakigeuza mdomo chini ili kikandamize nailoni. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyempa kile chungu, yeye yuko juu ameinama, mimi chini nimenyoosha mikono.

Mvua ya kwanza ikaja, nzuri, ya kutosha. Kijiji kizima kikapanda. Sisi pia tukapanda. Mahindi yakatoka, kimo cha kiganja, kijani kile cha kufanya mtu atabasamu peke yake.

Halafu mvua ikakata.

Mwanzoni watu walisema ni kawaida, inapumua. Mawingu yalikuja kila mchana kama wageni wasiotaka kuketi: yanasimama juu yetu, yanatuangalia, yanakwenda zao. Tuliona kwa macho mvua ikishuka kwa wenzetu ng'ambo ya bonde, pazia la kijivu, na harufu yake ikatufikia, lakini tone halikuvuka. Majani ya mahindi yakajikunja kama sigara. Ardhi kati ya matuta ikaanza kupasuka. Watu wakawa wanatembea wakiangalia juu, na wakikutana wanaongea kwa sauti ndogo, kama kwenye nyumba yenye mgonjwa.

Sisi tulikuwa na mahindi yaleyale yanayokauka. Lakini Mjomba alikuwa pia na tanuru. Jua lile lililoua shamba ndilo alilolihitaji akaushe kuni zake, achome, amalize. Naye hakujua kuficha furaha yake. Kila nikitoka shule namkuta anapasua magogo, anapiga mluzi. Katika kijiji kizima, mtu pekee aliyekuwa akipiga mluzi alikuwa Mjomba wangu.

Siku aliyokuja Mzee Mihayo hakusema hodi kwa wenye njaa. Alikuja na wanaume wengine wawili, wakasimama karibu na tanuru, wakaangalia kile chungu.

"Shija," akasema, "nani kakuwekea hicho?"

"Nimekiweka mwenyewe, baba. Kinashika nailoni."

"Mawe hakuna?"

"Mawe yanatoboa nailoni."

Mmoja wa wale wawili akacheka bila kufurahi. "Kila mtu shamba linaungua, wewe unapiga mluzi."

"Nisipopiga mluzi ndiyo itanyesha?"

Sasa nikiwa mkubwa najua hapo Mjomba alikosea. Hakukosea ukweli, alikosea wakati. Mzee Mihayo akatikisa kichwa. Akamwambia kwa upole kabisa, kama anayemshauri mwanawe, kwamba watu wamekaa na wamesema. Wafyatua matofali wanajulikana tangu zamani, hawapendi mvua, na wapo wanaojua kuifunga kwa chungu kilichogeuzwa. Hakuna anayetaka ugomvi. Atoe chungu, abomoe tanuru, amwagie maji matofali mbele ya watu, yaishe.

"Nikimwaga maji nitakuwa nimekubali," Mjomba akasema.

"Ukimwaga maji utakuwa umemwaga maji."

"Hapana, baba. Nitakuwa nimekubali. Na mama yangu atalala wapi?"

Bibi alikuwa mlangoni, ameshika fremu. Akajaribu utani. "Mpagazi, njaa umeifuata mwenyewe kwangu, si nilikwambia?"

Mzee Mihayo hakumjibu. Akaangalia chini, akaondoka, na wenzake wakamfuata.

Sheria ya walinzi kwa mtu aliyekataa uamuzi ni moja, na kila mtu mzima kule anaijua. Hawampigi. Hawamchomei nyumba. Wanamtenga. Hakuna kumsalimia wala kuitikia salamu yake, hakuna kumpa moto, chumvi, jembe wala mkokoteni, hakuna kumsaidia akiuguliwa, hakuna kumzika. Anayevunja anatengwa naye. Ilitangazwa jioni kwa filimbi upande wa pili wa kijiji. Mimi sikuambiwa. Nadhani Bibi aliona mtoto hahitaji kujua, na Mjomba aliona itakwisha.

Sasa kuna jambo moja inabidi nilieleze. Bibi alikuwa mtu wa hadithi, na hadithi aliyopenda kunisimulia ilikuwa ya maiti mpya. Maiti mpya, alisema, hajui kwamba amekufa. Anaamka kama kawaida, anachukua ndoo, anakwenda kisimani. Anawasalimia watu. Watu kimya. Anasalimia tena. Kimya. Hapo ndipo anapojua. Anaweka ndoo chini, anakwenda zake porini.

Asubuhi iliyofuata nikachukua kidumu nikaenda kisimani. Walikuwepo akina mama watano au sita wakisubiri maji yachuruzike, maana kisima kilikuwa kimebaki tope.

"Shikamooni," nikasema.

Hakuna kilichosikika ila kopo likikwaruza chini ya kisima. Nikadhani sauti yangu ilikuwa ndogo, maana hata sasa naambiwa sauti yangu ni ndogo. Nikasogea. "Shikamooni." Mama mmoja, ambaye alikuwa akinisuka nywele, alikuwa akinitazama usoni moja kwa moja. Macho yake yakapita kwangu yakaenda kwenye mti uliokuwa nyuma. Alikuwa amekaza midomo. Nikaona kana kwamba ninatazamwa kama dirisha.

Niliweka kidumu chini. Sikwenda porini. Nilirudi nyumbani kwa kukimbia, na kitu cha kwanza nilichofanya nikasimama katikati ya uwanja kuangalia kama nina kivuli. Nilikuwa nacho. Hicho kilinipa moyo kidogo, mpaka nikakumbuka kwamba Bibi hakusema lolote kuhusu kivuli. Nikawarushia kuku pumba, wakaja. Lakini kuku wanaona mizimu, hilo nililijua. Mjomba akanisemesha, nikaitika, Bibi akanisemesha, nikaitika. Nikawaza, basi tumekufa wote watatu pamoja, labda usiku, labda ukuta uliobaki umetuangukia, na wao bado hawajajua kwa sababu hawajaenda kisimani. Nikawaonea huruma. Nikaamua nisiwaambie.

Kwa siku nyingi niliishi na siri hiyo. Watoto wenzangu waliacha kunichagua kwenye rede, mpira ulinipita pembeni kama mimi ni mti. Dukani nilisimama mbele ya meza mpaka miguu ikauma, mwenye duka akipanga sabuni zake. Nilikuja kuwa mtulivu. Wewe unayesoma hapa, kama umewahi kukaushiwa darasani na washkaji wako kwa wiki moja, unajua kidogo. Zidisha hiyo kwa kijiji kizima, kwa wazee na wajomba na mama anayekusuka nywele, na zidisha kwa kutojua kwa nini.

Mahali pamoja tu palinichanganya. Mwalimu wetu alikuwa mgeni, msichana wa Tanga aliyepangiwa kule kazi, na yeye hakuwa wa kijiji wala hakufuata mambo yao. Asubuhi akiita majina, analiita na langu. Nasema, "Nipo." Anaweka alama, anaendelea. Nililipenda neno lile kuliko uji. Nilijiuliza kama yeye naye amekufa.

Mwishowe nilimwuliza Mjomba. Ilikuwa mchana wa jua kali, amekaa kwenye kivuli cha tanuru lake, kuni zimelala pembeni nusu ya zinazohitajika, maana mwenye mkokoteni alikuwa amekataa hata kumtazama, na peke yake hangeweza kuzibeba zote begani kutoka porini. Wala hangeweza kuchoma peke yake. Tanuru linalishwa kuni usiku na mchana, watu wanapokezana. Nikakaa karibu naye.

"Mjomba, tulikufa lini?"

Nilitegemea acheke kwa pua. Hakucheka. Alinishika kichwa kwa mkono wake wenye udongo mkavu, akasema, "Nani kakwambia tumekufa?"

"Hakuna aliyeniambia. Hawaongei."

Alinieleza, basi, kwa maneno machache. Kutengwa. Chungu. Mvua. Nikaelewa nusu. Nilichoelewa vizuri ni kwamba tuko hai, na ajabu ni kwamba sikufurahi. Nilipokuwa maiti sikuwa nawachukia. Maiti hana kosa na walio hai hawana kosa. Sasa nikajua wananiona.

Kifua cha Bibi kikarudi. Safari hii hakikumwachia nafasi hata ya kuzungumza sawasawa. Mjomba akataka kumpeleka zahanati, lakini kwa kitu gani, kwa baiskeli, naye hawezi kukaa wima? Usafiri ulikuwa ule mkokoteni. Alikwenda kwa mwenye nao, akasimama nje ya ua wake akimwita kwa jina, akarudi. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepigwa na hakuna alama.

"Shija," Bibi akasema kutoka kitandani, "kamwage maji."

"Mama, nyumba."

"Nyumba ya nani?"

"Yako."

"Mimi nimeolewa kijiji hiki nikiwa na meno yote. Nimewazika watu wao, nimewaogesha watoto wao. Leo nikikata roho, nani ananibeba? Wewe na huyu?" Akaninyooshea kidole. "Huyu atashika miguu?"

Mjomba alikuwa amechuchumaa, anachora ardhini kwa kijiti. "Watasema nilifunga kweli."

"Waseme. Mimi nataka kuzikwa na watu."

Alikaa vilevile mpaka jua likazunguka nyumba. Kisha akainuka, akachukua ndoo.

Nilimsaidia. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kusaidia na hakuna aliyetaka. Watu walikuwa wametuona tukichota, wakaja, wakasimama mbali kidogo, nusu duara, kimya, akina mama wamejifunga khanga kifuani kama kwenye matanga. Mjomba akapanda, akakitoa chungu, akakiweka chini mdomo juu. Akafunua nailoni. Akafunua nyasi. Halafu akaanza kumwaga. Maji ya tope tuliyochota kisimani kwa saa nzima, maji ambayo watu wangeweza kupikia, aliyamwaga juu ya matofali makavu, na matofali yakayanywa. Yakalia ule mlio. Harufu ikapanda, harufu tamu, ya kuumiza, na nikaona pua za watu zikitanuka, maana ilikuwa harufu yenyewe ya mvua, ile tuliyokuwa tumeisubiri wote, ikitoka kwenye tanuru letu. Nahisi hata kwa hilo walisadiki zaidi. Kana kwamba mvua ilikuwa humo ndani kweli, na anaitoa.

Matofali mabichi hayavunjiki yakilowa. Yanalegea. Kona zinapotea kwanza, halafu yanaegemeana, halafu upande mzima unateremka polepole. Ndoo baada ya ndoo. Hakumtazama mtu. Alipomaliza, tanuru lilikuwa kichuguu tena.

Mzee Mihayo ndiye aliyetembea mbele. Akasimama karibu na mimi, mimi nimejaa tope mpaka kwenye nyusi. Sikumsalimia, nilikuwa nimeshaacha. Akainama yeye.

"Hujambo, mjukuu wangu?"

Niliangalia tope miguuni mwangu. Akasubiri. Watu wote wakasubiri. Ikabidi niitikie kwa kichwa, na akina mama wakaanza kuja, wakanishika, wakanifuta, yule wa kusuka nywele analia waziwazi, "Jamani mtoto, jamani mtoto." Mkokoteni ukaletwa bila kuombwa. Bibi akabebwa zahanati akiwa amefunikwa blanketi la Mzee Mihayo.

Kesho yake mchana mvua ikanyesha.

Natamani ningeandika kwamba haikunyesha. Nimewaza sana kuhusu hilo. Kama isingenyesha, kama ingekaa wiki mbili zaidi, hadithi hii ingekuwa ya kijiji kilichokosea, na ningeweza kuisimulia darasani na tukacheka. Lakini ilinyesha, tena vizuri, taratibu, mpaka jioni, mvua ya kulima. Na watu wakaja kwetu. Hawakuja kugomba. Walikuja kushukuru. Walipita mlangoni wamelowa, wanacheka, wanasema, "Ahsante, Shija." Mtu akaleta kuku. Mtu akaleta mbegu za kurudishia, maana mahindi ya kwanza yalikuwa yameshakufa. Wengine wakaja na majembe wakatulimia shamba lote asubuhi moja, wakiimba. Hakuna aliyemtukana Mjomba hata neno moja tangu siku ile. Walimpenda. Walimpenda kama mtu anavyompenda mbwa mkali aliyekubali kufungwa mnyororo.

Mjomba alikuwa anasema tu, "Haya. Haya." Hakupiga mluzi tena, na hakufyatua tofali tena.

Bibi alirudi, akaishi misimu kadhaa. Mavuno ya mwaka ule yalikuwa haba, mbegu za kurudishia zilichelewa, tulikula michembe, vile viazi vya kukaushwa, mpaka nikaichukia. Ukuta wa nyuma tuliuziba kwa miti na udongo. Mzee Mihayo alirudi kusema hodi kwa wenye njaa, na Bibi alimjibu, kila mara alimjibu, lakini nilikuwa namwangalia, na ungo wake ulikuwa unasimama kabla hajajibu. Alipofariki alizikwa na kijiji kizima. Watu walikuwa wengi mpaka wengine wakakaa barabarani. Alipata alichotaka. Baada ya arobaini Mjomba akauza mbuzi, akahamia Tura, na mimi nikaletwa mjini kwa mama.

Sasa darasani tunafundishwa hali ya hewa. Mwalimu wa jiografia akifika kwenye ukame, kuna mvulana lazima aulize, "Mwalimu, na ile mvua ya kufungwa huko Igalula?" Darasa linaangua kicheko. Mimi naangalia meza. Siyo kwamba naamini. Nimeelewa somo vizuri, na mtihani wake nilifaulu. Mvua yetu inategemea mambo ya mbali: bahari ikipata joto upande mmoja upepo unageuka, huko pwani watu wanaweza kupata mafuriko na sisi huku tukakauka, au mvua ya miezi ikaja yote kwa mkupuo ikaangusha kuta. Na inazidi kutotabirika. Nilipolisoma somo lile nilihisi kama mtu aliyepewa dawa. Nikasema nitampelekea Mjomba.

Likizo iliyopita nikaenda Tura. Mvua ilikuwa imechelewa tena. Mjomba ameoa sasa, ana shamba la alizeti na nywele nyeupe pembeni mwa masikio. Tulikaa nyuma ya nyumba tukichambua mbegu za kupanda, nikamwambia yote. Bahari, upepo, joto. Kwa mtu kama mimi, kuongea maneno mengi namna ile ni kama kubeba gunia. Alinisikiliza hadi mwisho, hakunikatiza.

"Huyo mwalimu anasema kweli," akasema. "Mimi sikuifunga. Hata inavyofungwa sijui. Kile chungu kilishika nailoni."

"Najua, Mjomba. Mimi ndiye niliyekupa."

"Ee." Akapepeta kidogo. "Ila niliomba."

Nikageuka kumtazama.

"Siku moja baada ya mvua ya kwanza nilikaa juu ya tanuru, nikaona wingu jingine linakuja kutoka mashariki. Nikasema, Mungu wangu, isinyeshe kwanza. Iniache nichome. Sikusema kwa sauti. Hata wewe ulikuwa hapo chini hukusikia."

"Kila mfyatua matofali anaomba hivyo."

"Kila mmoja," akasema. "Mimi nilisikilizwa."

Nilitafuta ndani ya jiografia yangu yote na sikupata pa kushika. Mke wake alikuwa akifua upande wa pili, kuku wanaparua. Kwa kutaka tu pawe na neno, nikamwuliza kama mwaka huu angependa mvua ianze mapema au ingoje wamalize kuandaa shamba.

Mikono yake ikasimama juu ya mbegu. Akaangalia chini, wala hakuthubutu kuinua macho juu, kama mtu aliye karibu na mlango ambao haujafungwa vizuri.

"Usiniulize ninachotaka," akasema.